Simu Zinazoamkia Kiboriloni

  

Leo naomba tupande Noah pamoja. Tumetoka juu, Old Moshi, asubuhi ya siku ya soko. Tumebanana. Mikungu ya ndizi iko kwenye keria, mama mmoja amepakata beseni la maparachichi, mwanafunzi wa sekondari amekalia nusu ya kiti. Gari linashuka, linapinda, linashuka tena. Tunafika kwenye kona moja tukikaribia Kiboriloni, na ghafla gari zima linaanza kulia. Simu ya huyu inaita, ya yule inatetemeka, ya mama wa maparachichi inatoa mlio wa ujumbe mara nne mfululizo. Ni ujumbe wa jana. Mwingine wa juzi. Aliyetumiwa hela ya ada tangu jana mchana anaiona hapo. Na aliyefiwa na ndugu yake Dar es Salaam usiku, naye anaupata msiba wake hapo hapo, katikati ya abiria, hana hata mahali pa kuegemea.

Hilo la mwisho nimelishuhudia kwa macho yangu. Dereva alizima gari, tukashuka wote, mama aliyefiwa akakalishwa kwenye jiwe kando ya barabara. Ndugu zake walikuwa wamempigia usiku kucha. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anasema mawasiliano vijijini ni anasa, ni mambo ya vijana na picha zao, najua huyo hajawahi kukaa pembeni ya jiwe lile.

Nieleweke vizuri. Sisemi Old Moshi haina mtandao. Kwenye mgongo wa kilima, penye kanisa, penye shule, penye duka la wakala, unashika vizuri tu, na kuna vijana wanaangalia mpira mbashara. Shida iko kwenye mikunjo. Mlima wetu haukumwagika kama unga kwenye ungo. Umeshuka kwa migongo mirefu, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto wake. Mnara ukisimikwa juu ya mgongo, wa mgongoni wanafaidi. Aliyejenga chini ya ukingo, nyumba yake imegeuziwa kisogo na udongo mtupu wa mlima umesimama kati yake na mnara. Mnara anauona vizuri akipanda shambani. Akirudi nyumbani, simu inasoma msalaba.

Mawimbi ya simu husafiri kwa mstari ulionyooka, hayazunguki kilima kama maji yanavyozunguka jiwe. Masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka upesi. Masafa ya chini huenda mbali na hupenya zaidi, ingawa nayo udongo wa kilima kizima huyashinda. Mwishoni mwa 2012, tulipoanza kuzima televisheni ya analojia kwa kuanzia na Dar es Salaam, moja ya faida zake ilikuwa kuyaacha huru hayo masafa ya chini yatumiwe na intaneti ya simu. Faida hiyo ni kubwa kwenye tambarare za Dodoma au Shinyanga. Huku kwetu korongo ni korongo.

Halafu tazama juu. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro. Ilianzia njiani, ikafika kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari, na Desemba mwaka huo huo ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mtalii anafika juu, anapiga picha, kabla hajateremka imeshafika kwao Ulaya. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia. Wapagazi na waongozaji ni watoto wetu, wametoka Marangu, Kibosho, Machame na Old Moshi hii hii, na mtu akizidiwa na kimo usiku kule juu, simu inayoshika ni uhai. Wala sitaki kuwagombanisha watu wa bondeni na wageni wa kileleni. Ninachokiona pale ni kwamba urefu si sababu, baridi si sababu, na ugumu wa njia si sababu. Walioamua kupeleka intaneti juu ya mawingu waliipeleka. Tukiambiwa korongo haliwezekani, tuulize vizuri: haliwezekani kwa fundi, au haliwezekani kwa mhasibu?

Kwa mhasibu ndiyo. Mnara una gharama ya kujenga, na ukishajengwa una gharama ya kila mwezi: umeme, betri, mafuta ya jenereta pale umeme unapokatika, mlinzi, kodi ya kiwanja. Kampuni ya simu inapiga hesabu ya vocha zitakazonunuliwa chini ya mnara ule. Wakiwa wengi na wana hela, mnara unajengwa bila kuombwa. Wakiwa wachache, au wengi lakini wa vocha ya mia tano, mnara haujengwi. Hakuna ubaya wa moyo hapo, ni biashara. Na hapo ndipo serikali inapoingia na ruzuku.

Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao wengi wanaujua kwa jina la UCSAF. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2009. Kampuni za mawasiliano zinatoa sehemu ya mapato yao kuuchangia, na serikali nayo huongeza. Mfuko hutangaza zabuni kwa kata ambazo biashara imezikwepa. Kampuni zinasema, ili nijenge pale nahitaji kujaziwa kiasi fulani, na anayetaka kujaziwa kidogo huku akitimiza masharti ndiye anayepewa. Ni mnada wa kinyume, anayeshusha ndiye anayeshinda. Utaratibu huu naukubali, maana unazuia hela ya umma kumwagwa.

Mei 13, 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba mikubwa kuliko yote tuliyokuwa tumeizoea. Minara 758. Kata 713, vijiji 1,407, na watu kama milioni 8.5 wakilengwa. Ruzuku ni shilingi bilioni 126. Kampuni tano ziligawana kazi: Tigo minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Pamoja na hiyo, minara 304 iliyokuwa ya kupiga na kupokea tu ikapangiwa kuongezewa uwezo ibebe intaneti. Hela hiyo imo ndani ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 150 mwaka 2021.

Gawanya bilioni 126 kwa minara 758. Unapata kama milioni 166 kwa kila mnara, na kampuni inaongeza ya kwake juu. Na hela hii ni ya nani? Ile ya Mfuko imetokana na vocha na bando, zako na zangu. Ile ya Benki ya Dunia ni mkopo, na mkopo hulipwa. Mama wa maparachichi anaponunua bando la siku pale Kiboriloni, tone moja linaingia kwenye mnara wa Ngara, wa Namtumbo, wa Tunduru. Sina kinyongo na hilo. Nchi ndiyo iko hivyo, na katika mikoa ile wako watu waliokuwa wanatembea nusu siku kutafuta mahali simu inaposhika. Mikataba ile ni jambo jema na nalisema kwa moyo mweupe.

Lakini sasa gawanya hesabu nyingine. Minara 758 kwa kata 713. Hiyo ni mnara mmoja kwa kata, na chenji kidogo. Kwenye tambarare, mnara mmoja mrefu unaweza kuitazama kata nzima. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro kata moja inaweza kuwa na migongo mitatu na makorongo mawili. Ukiweka mnara mmoja juu ya mgongo wa kati, kwenye jedwali la Dodoma kata imehudumiwa. Imetiwa alama ya vema. Na ikishatiwa alama ya vema, imetoka kwenye zabuni inayofuata. Wa korongoni, ambaye jana alikuwa hana mtandao na alikuwa kwenye orodha, leo hana mtandao na hayumo kwenye orodha. Afadhali ya jana, maana jana alikuwa anasubiri.

Hilo ndilo neno langu la leo, msikilizaji. Ruzuku yetu inahesabu minara na kata. Ningependa ihesabu nyumba.

Wala sisi si wa kwanza kujikwaa hapa. Marekani, nchi yenye hela yake, iliupima mtandao wake wa vijijini kwa miaka mingi kwa kutumia vipande vya sensa. Nyumba moja ndani ya kipande ikiwa na huduma, au ikiwa inaweza kuipata, kipande chote kilihesabiwa kuwa kimehudumiwa. Wakulima wa milimani kule wakawa wanaambiwa wana intaneti, nao wamekaa kwenye giza. Novemba 2021 walipitisha sheria ya miundombinu yenye dola bilioni 42.45 za kupeleka intaneti mahali isipofika, na moja ya kazi zilizowachelewesha ilikuwa kuchora ramani upya, nyumba kwa nyumba, ndipo wajue hela iende wapi. Ramani hiyo mpya ilianza kutoka Novemba 2022. Walioanza kwa kuhesabu vibaya walilazimika kurudi wahesabu vizuri, wakiwa wameshapoteza miaka. Sisi bado tuna nafasi ya kutopoteza miaka hiyo.

Na kuhesabu nyumba si jambo geni kwetu. Tumelifanya kwenye umeme. Zamani nguzo zilikuwa zinapita juu ya paa la mtu, yeye ndani anawasha koroboi, na kitabu kinasema kijiji kina umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, walipoendelea na miradi yao, wakaweka bei ya kumuunganishia mwananchi wa kijijini shilingi 27,000. Ruzuku ikashuka kutoka kwenye nguzo ikaingia mlangoni. Si kila kitu kimekaa sawa kwenye umeme, tunalijua hilo, lakini hoja ilikubalika: nguzo iliyopita si taa iliyowaka. Sasa mbona kwenye intaneti bado tunahesabu nguzo?

Ngoja nikupe kisa cha nyumbani. Shangazi yangu anakaa bondeni, upande wa chini wa njia ya kwenda Kidia. Mjukuu wake, binti, alimaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Maombi ya chuo siku hizi yako mtandaoni, na ya mkopo wa elimu ya juu yako mtandaoni. Hilo ni jema, limepunguza foleni na limepunguza safari za Dar es Salaam. Ila binti yule kila jioni kwa muda wa wiki nzima alikuwa anapanda kutoka korongoni mpaka mgongoni, dakika arobaini, akae chini ya mgomba wa jirani mahali anapojua panashika, ajaze ukurasa mmoja, mtandao ukatike, ukirudi aanze upya. Giza likiingia shangazi anamtuma kaka yake amfuate na tochi. Bando la siku linakwisha hata kabla fomu haijakwisha, kwa sababu bando halihesabu umefanya nini, linahesabu saa na mzigo. Siku ya sita waliamua apande Noah aende mjini, akalipie kwa mwenye kompyuta. Nauli, chakula, malipo ya kuchapisha na kupandisha vyeti. Akaweza. Mwaka huu yuko chuoni.

Watu wanapenda kusikia mwisho huo wakapiga makofi. Mimi nawaza nyumba ya jirani yake, ambayo haikuwa na nauli.

Na si fomu za chuo peke yake. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anasajiliwa, anapata namba, na kwa namba hiyo ananunua mbolea ya ruzuku kwa wakala. Wakala anahakiki kwenye simu. Mtandao ukiwa umelala, mkulima anakaa kwenye benchi akiangalia mifuko ya mbolea ambayo ni haki yake, na mvua ya masika haimsubiri mtu. Malipo ya serikali ni kwa namba ya malipo. Ushuru, leseni, kitambulisho. Kila kilichokuwa dirishani kimehamia hewani. Serikali ikishahamisha dirisha lake kwenda hewani, basi hewa hiyo imekuwa barabara ya umma, na mtu asiyeifikia amefungiwa ofisi.

Unakumbuka Mei 12, 2024? Jumapili ile kebo za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mjini Moshi watu walikuwa wanatembea wameshika simu juu kama wanatafuta upepo. Wenye mahoteli wanahangaika, wenye ofisi wanahangaika, simu zinapigwa kila mahali kuuliza lini itarudi. Siku zile kadhaa kila mmoja wetu alionja. Kwa shangazi, bondeni, hawakujua kama kuna kilichotokea. Kwao ilikuwa Jumapili kama Jumapili nyingine.

Sasa niruhusu nirudi nyuma, kwa babu zetu, maana jambo hili walikwisha kulifikiria wao bila kompyuta.

Wengi mnaijua mifongo. Kwa wasikilizaji wetu wa mbali, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unachukua maji kwenye mto juu kabisa, karibu na msitu, na kuyatembeza kwenye ukingo wa kilima kwa mteremko mdogo mno, kilometa kwa kilometa, mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba ya nyumbani. Mkondo ukipita kwenye mwamba, waliuzungusha. Ukikuta bonde, walitandika magogo yaliyochongwa katikati maji yapite juu yake. Babu zetu hawakuwa na pima maji ya dukani. Waliyaacha maji yenyewe yaseme ardhi inakwenda wapi.

Lakini ufundi wa kuchimba ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa zamu. Mfongo ulikuwa na wenyewe, watu wa ukoo au wa mtaa waliouchimba, na ulikuwa na mzee wake. Kila mwenye kihamba alikuwa na saa yake ya kufungulia maji na saa yake ya kufunga. Kukiwa na kazi ya kuzibua, mnatoka wote, na asiyetoka anatozwa. Na mzee wa mfongo akitaka kujua kama mfongo wake mzima hakai juu kwenye banio akatazama maji yanavyoingia. Pale juu maji hayakosekani. Anateremka na mkondo mpaka kihamba cha mwisho, anaangalia kama udongo chini ya mgomba wa mwisho umelowa. Ukiwa mkavu, anapanda tena, nyumba kwa nyumba, kutafuta ni wapi maji yameibwa au yamepotelea.

Wanaosimamia ruzuku yetu wakisimama kwenye mnara, wakapima hapo chini ya mnara, simu itasoma vizuri sana. Wamesimama kwenye banio. Mimi naomba wateremke.

Wateremke vipi? Nafikiri kwanza kipimo kitoke kwenye kata, kishuke kwenye kitongoji. Tuna wenyeviti wa vitongoji nchi nzima, wanajua kila nyumba na kila mwenye nyumba, ndio wanaoandika majina ya kila kitu kuanzia chandarua mpaka sensa. Kuandika nyumba ambayo simu haishiki si kazi ya mtaalamu wa satelaiti. Halafu sehemu ya mwisho ya ruzuku isitoke mpaka kitongoji chenyewe, kwenye mkutano wake halali, kiseme tumefikiwa. Kampuni itakayojua kuwa inasubiri sahihi ya watu wa korongoni itapanga antena zake vingine. Pengine haitahitaji hata mnara mkubwa wa pili. Vipo vituo vidogo, nguzo ya mita chache juu ya paa la zahanati au shule, na kinachobaki ni nani alipie.

Hapo kwenye nani alipie, ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo huenda nikaonekana naota. Naliamini.

Mkoa huu uliwahi kuambiwa kahawa si ya Mwafrika. Wakulima wetu wakajiunga, mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichojenga maghala, kikasomesha watoto, kikaweka jengo mjini ambalo bado limesimama. Leo mjini Moshi tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo mwaka 1963 na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014. Sijui mahali pengine Afrika Mashariki penye mizizi mirefu ya ushirika kuliko hapa. Kwa nini basi kipande cha mwisho cha mtandao, kile kidogo ambacho hakizilipi kampuni, kisiwe cha chama cha msingi? Kampuni ilete mkondo mpaka mgongoni, ushirika uuteremshe korongoni.

Yako maeneo yaliyojaribu. Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma pamoja na wananchi wameanzisha mtandao wa jamii, wakitumia masafa ya televisheni yaliyokaa bure. Afrika Kusini, katika kijiji cha Mankosi, wananchi wana ushirika wa intaneti unaoitwa Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya jifanyieni wenyewe. Jirani zetu Kenya, mwaka 2021, mamlaka yao ya mawasiliano iliweka utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya jamii, ili kikundi cha kijiji kisilazimike kuomba leseni ya kampuni kubwa. Sisi nasi tunaweza. Kama ruzuku ya Mfuko inaweza kwenda kwa kampuni iliyojenga mnara, sioni sababu ya kanuni ya haki kuzuia kiasi kidogo kwenda kwa chama cha msingi kitakachoweka nguzo tatu na kuziangalia.

Najua itasemwa, vyama vya ushirika vimewahi kuibiwa. Kweli, vimeibiwa, na wakulima wa kahawa wanayo makovu. Hata mfongo maji yaliibwa. Babu zetu hawakuufukia mfongo kwa sababu ya mwizi wa maji. Waliweka zamu na wakaweka mzee wa kuteremka.

Kabla muda wetu haujakwisha niguse simu yenyewe, ingawa hili lina kipindi chake. Mnara ukifika na intaneti, mama mwenye kitochi hapati kitu zaidi ya kupiga na kutuma hela, ambavyo navyo si haba. Simu janja ya bei ya chini bado ni mikungu mingi ya ndizi. Nimewahi kuuliza wauza ndizi pale Kiboriloni wangependa nini kwanza, simu mpya au mtandao nyumbani. Mmoja alinijibu haraka sana: mtandao, kwa sababu simu wanangu watanunua, lakini mnara hawawezi kuninunulia. Aika, yaani asante, mama, kama unanisikiliza. Mimi nilikuwa na maneno mengi, wewe umeyamaliza kwa sentensi moja.

Sasa nina ombi, na ni la kazi, si la maneno. Jumamosi hii nitakwenda kwa shangazi. Tutaanzia mgongoni, chini kabisa ya mnara, tutashuka kwa mguu mpaka mtoni. Nitakuwa na simu moja na laini tatu za kampuni tofauti, na mwenyekiti wa kitongoji amekubali kuja na daftari. Kila nyumba tutakayoipita tutaandika: inashika au haishiki, laini ipi, ndani au nje, na saa ngapi. Hatutaandika majina ya watu, tutaandika nyumba. Daftari likijaa tutalipeleka kwa diwani, na nakala nyingine tutaifunga kwenye bahasha iende Dodoma, kwenye Mfuko.

Kama unaishi kwenye mkunjo mwingine wa mlima huu, Kirua, Mbokomu, Uru, Kibosho, fanya hivyo hivyo kwenu, daftari la shule linatosha. Kama uko karibu nasi na miguu yako inaweza kushuka na kupanda, njoo. Tunakutana saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, pale njia panda ya Kiboriloni, na Noah ya kwanza kupanda ndiyo tutakayopanda.